SOMO: Funza wa nzi chuma kwa kuku na samaki, kutoka yai hadi kukausha

Dagaa wa kuku wakipanda bei pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, maumivu yanafika Buhongwa mpaka Kisesa, kwa sababu protini ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika chakula cha mifugo. Nzi chuma, ambaye wengi humwita BSF (kifupi cha Kiingereza, black soldier fly), anageuza maganda, matunda yaliyolainika na pumba kuwa protini kwa wiki tatu tu kutoka yai.

Tuondoe kwanza hofu ya jina. Funza hawa si wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu; yule ni jamii ya viroboto. Wala nzi chuma si nzi wa chooni anayetua kwenye wali wako. Ni mweusi, mwembamba, anakaribia urefu wa sentimita 2, ukimtazama haraka utadhani nyigu, na kiunoni ana vidirisha viwili vinavyopitisha mwanga. Haumi, hana mwiba. Akishakuwa nzi hali chakula, anakunywa maji tu na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa funza, siku 5 hadi 10 hivi. Kazi yake ni kupandana, kutaga na kufa.

Miradi ya nyumbani hufa kwa mambo mawili: maji kuzidi kwenye chakula, na kulisha kuku funza wote bila kubakiza wazazi. Hayo mawili tutayachambua kwa kirefu.

Hatua ya 1: Kupata mayai

Unaweza kununua mayai kwa mzalishaji, yanauzwa kwa gramu (gramu 1 ina mayai kama 35,000 hadi 40,000). Au tega nzi wa porini, maana Mwanza wapo, hasa wakati wa mvua.

Chukua ndoo ya lita 20. Weka kilo 3 za pumba ya mahindi na ndizi au mapapai yaliyoiva kupita kiasi, loweka siku 3 au 4 mpaka itoe harufu ya pombe. Funika mdomo wa ndoo kwa chandarua kilichobana. Juu ya chandarua laza mabanzi ya kutagia: vipande vitatu vya mbao nyembamba vya sentimita 25, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama slesi za mkate, katikati umeweka vijiti vya kiberiti ili pabaki upenyo wa milimita 1 hadi 2, kisha vimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Weka kivulini, pasipofika mvua wala kuku. Subiri wiki 1 hadi 3.

Chandarua hakiwekwi kwa urembo. Nzi wa kawaida hutaga moja kwa moja kwenye uchafu mbichi. Nzi chuma hutafuta ufa mkavu karibu na chakula, ili watoto wakianguliwa wadondokee. Ukifungua banzi na kukuta vishada vya mayai yenye rangi ya maziwa, kila yai kama milimita 1, yameshikana ndani ya ufa kama unga uliolowa ukakauka, hao ndio.

Hatua ya 2: Kuangua na kulea siku 5

Changanya kilo 1 ya chakula cha vifaranga na lita 2 za maji kwenye beseni. Hiyo inatosha gramu 1 ya mayai. Weka wavu mgumu juu ya beseni, mabanzi juu ya wavu. Mayai yasiguse uji, yataota ukungu. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 yanaanguliwa siku ya 3 au ya 4. Watoto ni wadogo mno, utaona tu uso wa uji unachezacheza. Waache siku 5 bila kuwahamisha.

Hatua ya 3: Chakula na maji yake

Funza anataka chakula chenye unyevu wa asilimia 60 hadi 75. Zaidi ya hapo hewa inakosekana chini, vijidudu visivyohitaji hewa vinashika usukani, harufu inaanza na funza wanapanda ukutani kukimbia. Pungufu ya hapo wanashindwa kula na wanadumaa.

Nyanya, papai, tikiti na mabaki ya mboga ya sokoni ni maji kwa karibu asilimia 90. Ukimwaga hivyo hivyo umepika supu. Kanuni rahisi: kilo 10 za mabaki ya matunda na mboga kwa kilo 3 za pumba kavu ya mahindi. Inatoka na unyevu wa asilimia 72 hivi. Ukitumia machicha ya bia, yakamue kwanza, maana yanatoka kiwandani yakichuruzika.

Kipimo ni kiganja. Chukua konzi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawa. Maji yakitiririka hadi kwenye kiwiko, ongeza pumba. Konzi ikibomoka mara tu ukifungua mkono, nyunyiza maji. Pima hivyo kila unapolisha, siyo siku ya kwanza tu.

Katakata vipande visizidi sentimita 2. Funza hana meno ya kutafuna ganda zima la embe.

Angalizo kuhusu pumba ya mpunga. Makapi yale magumu ya mashine za kukoboa hayana lishe yoyote kwa funza. Yahifadhi kwa kukausha kreti wakati wa kuvuna. Ile laini, vumbi la mchele, ndiyo chakula.

Mapanki (vichwa na mifupa ya samaki iliyobaki viwandani) na matumbo ya samaki yanaongeza ukuaji, na hata kumpa funza mafuta mazuri ya samaki, lakini yasizidi sehemu 1 kati ya 10 ya mchanganyiko. Yafukie katikati ya pumba. Ukizidisha, utaamsha mtaa mzima na kuita nzi wa aina zote. Usitumie kabisa mabaki yaliyopuliziwa dawa ya wadudu, mafuta ya gari, wala uchafu wa mitaro.

Hatua ya 4: Kreti

Kreti ya plastiki isiyo na matundu, sentimita 60 kwa 40, kina cha 17, inabeba funza 10,000 wa siku 5. Kuwahesabu: chekecha beseni la malezi, pima uzito wa wote, kisha hesabu waliomo kwenye gramu 1 na uzidishe. Kazi inachosha macho, lakini kreti yenye funza 30,000 itakupa funza wembamba ambao kuku wanawatawanya tu.

Kreti hiyo inakula kilo 15 za chakula kibichi kwa siku 12. Gawa mara tatu: kilo 5 siku ya 1, kilo 5 siku ya 5, kilo 5 siku ya 8. Kina cha chakula kisipite sentimita 5 hadi 7. Funza wengi wakila pamoja wanatoa joto lao wenyewe, na rundo nene linapanda kirahisi kupita nyuzi 40. Kipupwe cha Juni na Julai, usiku ukipoa, panga kreti zikaribiane na uzifunike kwa magunia. Mchana wa jua kali fanya kinyume, zitenganishe.

Miguu ya kichanja isimame kwenye makopo yenye maji na oili chafu kidogo juu. Sisimizi wakigundua mabanzi yako, asubuhi hukuti yai hata moja.

Hatua ya 5: Kuvuna

Siku 3 za mwisho usiongeze kitu. Funza wachache wa kwanza wakianza kuwa kahawia iliyokolea, huo ndio muda. Bado wana mafuta na ngozi haijawa ngumu. Kama kreti imebaki na unyevu, changanya makapi ya mpunga, acha kwa muda wa saa 12, kisha pitisha kwenye chekeche ya milimita 3 hadi 5. Kreti iliyokwenda vizuri inatoa kilo 2 za funza wabichi. Kinachobaki ni mbolea. Irundike wiki 3 au 4 ipoe kabla ya kuipeleka kwenye mchicha.

Hatua ya 6: Wazazi

Hapa ndipo watu wanakata mguu wa mradi. Katika kila funza 10,000 tenga 1,000 kabla kuku hawajaonja. Chagua wanene. Waendelee kula mpaka wawe weusi na kuanza kutambaa kutafuta pakavu, ndipo uwahamishie kwenye beseni lenye maranda makavu ya mbao, sentimita 10, gizani. Watakakamaa, hawatasogea, utadhani wamekufa. Hawajafa, wamekuwa pupa (hatua ya kati ya funza na nzi). Baada ya wiki 2 hadi 3 wanatoka nzi.

Beseni hilo liingize kwenye banda la chandarua cheupe la mita 1 kwa 1 kwa urefu wa 1.5 au 2. Banda lipate jua la asubuhi, saa 2 mpaka saa 5. Bila jua nzi hawa hawapandani, na balbu ya kawaida ya nyumbani haisaidii. Ndani weka majani ya mgomba au matawi ya kutua, kitambaa kibichi cha kunywea (kiloweshe asubuhi na jioni), na ndoo ndogo ya chambo iliyofunikwa wavu, mabanzi juu yake. Jike mmoja anataga mara moja, mayai 500 au zaidi. Kusanya mabanzi kila baada ya siku 2, ili mayai yaanguliwe kwa pamoja. Tangu yai mpaka mayai mapya ni siku kama 40 hadi 45. Kwa hiyo ili uwe na mayai kila wiki, tenga wazazi kila wiki.

Hatua ya 7: Kulisha na kuhifadhi

Kuku mkubwa mpe gramu 20 hadi 30 za funza wabichi kwa siku, kama nyongeza ya pumba na mashudu, siyo badala yake. Wa kuhifadhi watumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 1 hadi 2, kisha waanike kwenye turubai mpaka wakatike ukiwavunja. Kilo 3 mbichi zinatoa kilo 1 kavu. Zina mafuta mengi, huchacha, hivyo zitumie ndani ya miezi miwili.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mahali anapotoka)

Igoma: Shikamoo mwalimu. Kila usiku funza wangu wadogo wanapanda kreti na kudondoka chini. Wana siku 7 tu, bado weupe. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Funza mweusi akitoka ni maumbile yake, mweupe akitoka anakimbia kitu. Ingiza mkono katikati ya chakula. Ukikuta moto, punguza kina. Ukikuta maji chini, changanya pumba kavu. Pia pangusa kuta za kreti, kwa sababu funza hupanda ukuta uliolowa tu, ukuta mkavu wa plastiki unawashinda.

Ukerewe: Mkuu, banda lina nzi wengi, siku ya sita leo, mabanzi hayana kitu.

Jibu: Jua linaingia muda gani?

Ukerewe: Lipo chini ya mwembe, linapata jua jioni kidogo.

Jibu: Basi hamisha banda, mkuu. Halafu kagua kwenye mikunjo ya chandarua na chini ya beseni la maranda. Chambo kikikosa harufu wanataga popote penye ufa. Badilisha chambo kila wiki, na hakikisha mabanzi hayajalowa. Hao wa siku ya sita usiwategemee tena, jiandae na kundi linalofuata.

Buhongwa: Dada, nyumba yangu ni ya kupanga na majirani wapo ukuta kwa ukuta. Harufu nitaikwepa vipi?

Jibu: Anza na kreti mbili, acha samaki na nyama kabisa, tumia pumba na matunda. Lisha kiasi kinachoisha. Kreti yenye unyevu sahihi inanukia kama togwa iliyochacha kidogo, na mita tatu mbele huisikii. Ukisikia harufu ya yai viza, kuna maji yamelala chini.

Nyegezi: Kinyesi cha kuku ninacho bure. Niwalishe funza?

Jibu: Wanakila na wanakua, lakini usiwarudishie kuku wale wale funza hao, maana wanaweza kubeba vimelea kama salmonela. Kinyesi tumia kwa lengo la mbolea tu, na kreti zake zikae mbali na zile za chakula.

Kayenze: Magugu maji yamejaa ufukweni kwetu. Yanafaa?

Jibu: Kama chakula kikuu hapana. Yana nyuzinyuzi nyingi na maji mengi, funza watachukua muda mrefu na watatoka wadogo. Isitoshe, gugu maji hufyonza metali nzito kutoka kwenye maji machafu, na funza naye huzihifadhi mwilini, hasa kadmiamu. Yatengenezee mboji.

Kisesa: Nimetega ndoo kama ulivyoeleza, siku ya pili tu nikakuta funza wengi ndani. Ndio hao?

Jibu: Hapana, ni mapema mno. Mayai ya nzi wa kawaida yanaanguliwa ndani ya siku moja, ya nzi chuma hayaanguliwi kabla ya siku ya 3. Mtazame umbo: wa nzi wa kawaida ni laini, mviringo, amechongoka mbele. Wa nzi chuma ni bapa, ana pingili zinazoonekana, ngozi ngumu yenye vinywele, na kichwa kidogo cheusi. Chandarua chako kina tundu au hakikubana. Mwaga, fukia, funga upya.