Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Muswada wa Kura ya Mapema New Hampshire

New Hampshire, pamoja na Alabama na Mississippi, ni miongoni mwa majimbo machache ya Marekani ambayo hayampi kila mpiga kura nafasi ya kwenda mwenyewe kituoni na kupiga kura siku kadhaa kabla ya uchaguzi. Miswada ya kubadili hali hiyo imewahi kupelekwa mbele ya wabunge mjini Concord, makao makuu ya jimbo, na ikija tena, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Manchester na Concord wanaweza kusikilizwa kuliko wanavyodhani. Bunge la jimbo hilo lina desturi isiyopatikana kila mahali: kila muswada hupewa kikao cha wazi cha kusikiliza wananchi, kisha hupigiwa kura.

Kabla ya jambo lolote, fahamu sheria iliyopo inasemaje, kwa sababu hoja nzito kuliko zote imo humo. Kura ya karatasi kwa asiyeweza kufika kituoni hutolewa kwa sababu maalumu tu, kama vile kuwa nje ya mji, ulemavu, wajibu wa kidini, au kazi, na malezi ya watoto au wagonjwa huhesabiwa kuwa kazi. Hata hivyo, sharti la kazi ni kwamba ikuzuie tangu kituo kinapofunguliwa hadi kinapofungwa, ikiwa ni pamoja na muda wa safari. Mtu wa zamu ya muda wa saa nane, mwenye watoto wa kuchukua shuleni na asiye na gari, anaweza kukosa kura bila kutimiza sharti hilo. Kama hayo ndiyo maisha yako, hapo ndipo pa kuanzia maelezo yako.

Kisha soma muswada wenyewe kwenye tovuti ya bunge, ukiutafuta kwa namba yake. Angalia ni siku ngapi na saa ngapi zinazopendekezwa, iwapo jumamosi imo, kura zitahifadhiwa wapi usiku na chini ya ulinzi wa nani, na nani atalipa gharama. Suala la gharama halikwepeki, kwa kuwa ibara ya 28-a ya sehemu ya kwanza ya katiba ya jimbo inakataza serikali ya jimbo kuibebesha miji majukumu mapya bila fedha, isipokuwa miji yenyewe ikikubali. Wapinzani wanaweza kuishika ibara hiyo, na wanayo haki: karani wa mji mdogo hawezi kufungua kituo wiki mbili kwa msaidizi mmoja. Muswada usio na jibu la fedha ni dhaifu, na ni afadhali unayeuunga mkono uombe urekebishwe kuliko kujifanya hujaona. Jimbo la Connecticut ni mfano wa kufuatilia, maana wapiga kura wake waliridhia mabadiliko ya katiba mwaka 2022, sheria ikafuata mwaka 2023 ikiweka siku 14 kwa uchaguzi mkuu, na utaratibu ukaanza kutumika mwaka 2024.

Msomaji aliyetoka Zanzibar asichanganye jambo hili na kura ya mapema ya huko, ambayo mwaka 2020 ilipigwa tarehe 27 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi, na watumishi wa uchaguzi na askari. Hapa kinachopendekezwa ni cha kila mpiga kura.

Tarehe ya kikao hutangazwa katika kalenda ya bunge. Katika kamati za Baraza la Wawakilishi la New Hampshire, moja ya mabaraza mawili ya bunge hilo, anayetaka kuzungumza hujaza kadi ya rangi ya waridi na kuikabidhi; asiyetaka kuzungumza hutia jina lake na msimamo wake kwenye karatasi ya buluu. Asiyeweza kusafiri anaweza kusajili msimamo wake na kutuma maelezo kwa mtandao. Mwenyekiti anaweza kufupisha muda, kwa hiyo andaa maneno ya dakika mbili: wewe ni nani, unaishi mji gani, unaunga mkono au unapinga, na kisa kimoja chako. Ukizungumza kwa Kiswahili, kumbuka kwamba mkalimani hula nusu ya muda huo. Gawa nakala ya Kiingereza kwa wajumbe. Asiye raia haruhusiwi kujiandikisha kupiga kura, na hilo asilijaribu kamwe, lakini kikao ni cha wazi kwa umma.

Baada ya kikao, kwa kawaida kamati hupendekeza ama kwamba muswada unafaa kupita, ama kwamba haufai kutungwa kuwa sheria, yaani uzikwe. Baraza zima lina wawakilishi 400, kila mmoja akilipwa dola 100 kwa mwaka na bila watumishi wa kumsomea barua, na linaweza kupindua pendekezo la kamati. Barua fupi iliyotoka kwa mkazi wa jimbo lake la uchaguzi, mwakilishi huenda akaisoma mwenyewe mezani kwake jioni, hivyo iandike kabla ya siku ya kura.

Muswada ukipita huko, hupelekwa Seneti yenye wajumbe 24, na kusikilizwa huanza upya. Usidhani maelezo yako ya kwanza yatafuatana nao. Yapeleke tena, ukirekebisha palipobadilishwa.