Kuutafuta mfereji uliokufa kwenye ramani za zamani, bonde la Rondout

Ukitaka kujifunza hii kazi anza na bonde la Rondout, New York, kati ya Ellenville na Kingston, maana pale mfereji na reli vimelaliana. Mfereji wa Delaware and Hudson ulifunguliwa 1828 kubeba makaa ya mawe toka Honesdale, Pennsylvania, maili 108, ukaachwa 1898, halafu 1902 reli ya Ontario and Western ikapita bonde hilohilo, sehemu zingine palepale ulipokuwa mfereji.

Ingia topoView, tovuti ya ramani za zamani ya USGS (idara ya jiolojia na ramani ya Marekani), ni bure, zumu mpaka Ellenville, chukua skeli ya 1:62,500 kwanza ndo uje 1:24,000. Daunlodi GeoTIFF, yaani picha ya ramani iliyobeba mahali pake ndani, hiyo ukiifungua kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani) inakaa mahali pake yenyewe.

Kabla hujaangalia chochote soma maandishi madogo kule chini pembeni. Mwaka wa kupima sio mwaka wa kuchapa! Ramani inaweza kuchapwa upya miaka mingi baadaye na vipimo ni vilevile vya zamani, na wengi wanapotelea hapa.

Haya sasa, kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye usawa mmoja) ni za kahawia, maji bluu, reli ni mstari mweusi wenye vijiti vinavyoukata. Usitafute bluu tu. Mfereji hauteremki kama mto, maji yake lazma yatulie, kwa hiyo njia yake inang'ang'ania usawa uleule, inaingia kila kikorongo na kutoka, halafu ghafla inashuka ngazi moja, hapo ujue palikuwa na lango la kushushia boti. Fuata na reli kwa kidole taratibu, ukiona inajikunja kunja chini ya kilima wakati pembeni kuna tambarare imenyooka, shuku mfereji.

Halafu weka ramani mpya juu, punguza opasiti nusu ili ya chini ionekane, ulinganishe. Reli yenyewe ilifungwa 1957 kwa hiyo kwenye za baadaye tafuta mstari wa vipande vipande. Usipite High Falls bila kusimama, ndo pale mfereji ulipovuka kijito cha Rondout kwa daraja la maji la John Roebling, yule mhandisi wa Brooklyn Bridge, na kuta zake za mawe kando ya maji bado zipo mpaka leo.

Ukitaka kwenda kwa miguu omba ruhusa, mashamba mengi ni ya watu, na kumbuka kwenye 1:62,500 milimita moja ni mita 62 na nusu, kwa hiyo usipoliona lango pale ulipoweka alama, zunguka kidogo kabla hujakata tamaa.