Namna ya kukagua muhuri wa risasi wa Papa kwenye hati ya kale

Nimeandika haya baada ya kukaa na mwanafunzi wa historia ya Kanisa aliyetaka kujua kama hati ya Papa Innocent III (1198–1216) ni ya kweli. Hati yenyewe ni ya ngozi, na muhuri wake ni kipande cha madini ya risasi kinachoning'inia kwenye uzi uliopitishwa katika pindo la chini la ngozi hiyo.

Hatua ya 1: Vaa glavu nyembamba za mpira. Za pamba sizitaki kabisa, hunasa nyuzi za hariri. Ukiona unga mweupe juu ya risasi, ni kutu yake, nayo ni sumu.

Hatua ya 2: Soma pande zote mbili. Upande mmoja una jina: INNOCENTIVS PP III (PP ni kifupi cha Papa). Mwingine una vichwa vya mitume, Paulo kushoto kwako, Petro kulia. Papa akifariki, chapa (kifaa cha kugongea muhuri) ya jina lake ilivunjwa, ila ya mitume iliendelea kutumika. Kwa hiyo mitume waliofifia huku jina likiwa wazi si dalili ya uongo.

Hatua ya 3: Tazama uzi. Hariri nyekundu na njano ilifunga barua za kutoa haki au upendeleo. Uzi wa nyuzi za mbangi ulifunga barua za amri. Uzi na maneno visipokubaliana, simama hapo.

Hatua ya 4: Chungulia chini ya pindo la ngozi. Hapa nilipoteza siku nzima zamani, kwa kuwa nilikagua risasi tu, nayo ilikuwa halisi! Innocent mwenyewe alionya mwaka 1198, katika barua yake kwa Milan: waghushi walikata uzi wa upande mmoja chini ya pindo, wakauhamishia muhuri wa kweli kwenye barua ya uongo, kisha wakauunga kwa uzi unaofanana. Basi mulika tochi kwa pembeni, usiivute kamba hata kidogo. Tafuta fundo, tofauti ya rangi, matundu ya ziada kwenye ngozi. Kagua pia ukingo wa risasi pale uzi unapoingia: mikwaruzo ya chuma huonyesha palibanduliwa. Lakini usikimbilie kuhukumu, maana watunza nyaraka wa baadaye nao walishona kamba zilizochakaa. Ulizia kumbukumbu za matengenezo kwanza.

Hatua ya 5: Soma maandishi penye mwanga mkali. Neno lililokwanguliwa na kuandikwa upya huacha ngozi yenye manyoya, na muhuri halali hauliponyi.

Ukimaliza, usiirudishe hati kwenye sanduku la mwaloni. Mvuke wa mti huo hula risasi.