SOMO: Mashine ya kukatia kadi, uchukue ya mkono au ya kompyuta?

Haya wapendwa, kwa sababu kila siku mtu anauliza "ninunue Cricut (ya kompyuta) au Big Shot (ya mkono)" nimeona bora niandike mara moja tukae nalo. Ila ukiniuliza mimi, kabla ya jina la mashine nitakuuliza unakata nini na unakata mangapi.

HATUA YA 1. Pitia oda zako
Fungua daftari uangalie watu wanakuagiza nini. Kadi za mchango, harusi, send-off, kitchen party, topa za keki, boksi za zawadi, vyote weka. Halafu tenga zile zinazojirudia umbo lilelile na zile ambazo kila mteja ana lake. Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo penyewe.

Chukua mfano kadi ya harusi yenye ukingo wa lesi, oda ya kadi 200. Mashine ya kompyuta ina kisu kidogo kinachotembea kuzunguka kila kitobo cha ile lesi kimoja kimoja, kadi moja inaweza kula dakika kadhaa, sasa piga mara 200 uone kama utalala. Ya mkono haijali vitobo vingapi, unaweka karatasi, unazungusha mpini, inatoka upande wa pili imekatika yote kwa pamoja. Lakini mteja huyohuyo akitaka jina la bibi na bwana harusi likatwe mbele, ya mkono imekwama, maana utaagiza dai (kichuma cha kukatia umbo) ya majina yao ije ikate harusi moja halafu ikae kabatini, wakati ya kompyuta unaandika jina tu inakata.

HATUA YA 2. Pima mdomo wa mashine
Za mkono zinafanya kazi na dai, kile kichuma chembamba chenye makali, sawa na kikatio cha biskuti. Unapanga pleti, karatasi, dai makali yakiangalia karatasi, pleti nyingine juu, unapitisha kwenye rola. Sizzix Big Shot ya kawaida mdomo wake ni kama sentimita 15, kwa hiyo A6 inapita bila shida, A5 inapita kwa kubana (ina sentimita 14.8), A4 sahau. Kama kadi zako ni kubwa kuna Big Shot Plus inayopokea A4. Gemini ni hizohizo ila ina mota badala ya mpini, mkono hauumi lakini umeme ukikatika umekaa. Uzuri wa hizi zote, dai nyembamba za kampuni nyingi zinaingiliana, sio lazima ununue za kampuni ya mashine yako, kinachobadilika ni mpangilio wa pleti tu.

Za kompyuta zinazojulikana ni Cricut (Explore na Maker), Silhouette Cameo na Brother ScanNCut. Nyingi mati yake (ule mkeka wenye gundi unaoshikilia karatasi) ni ya upana wa sentimita 30. Cricut Joy ni ndogo, inaishia kama sentimita 11, usiinunue kwa ajili ya kadi za harusi kisa bei.

HATUA YA 3. Angalia programu kabla hujapenda rangi
Jamani hapa msikilize. Cricut inatumia Design Space, unafungua akaunti na kazi nyingi inataka intaneti. Mnamo 2021 kampuni ilitangaza kwamba asiyelipia kila mwezi atapandisha picha zake 20 tu kwa mwezi, watu wakapiga kelele dunia nzima, kampuni ikarudi nyuma. Ilirudi, sawa, lakini ujue mashine iko mezani kwako na ufunguo uko kwao. Silhouette Studio inafanya kazi bila bando, ila toleo la bure halifungui faili za SVG (aina ya faili za michoro ya kukatia) mpaka ulipie, la sivyo unazibadilisha kuwa DXF (aina nyingine ya faili) kwa programu ya Inkscape ambayo ni ya bure. ScanNCut ina skana yake, unachora kwa kalamu inasoma inakata, hata kompyuta huhitaji.

HATUA YA 4. Umeme na vitu vinavyoisha
Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani soma lebo ya adapta. Ikiandikwa 100-240V chomeka kwa amani, ikiandikwa 120V peke yake tafuta transfoma kwanza. Halafu uliza bei ya pleti, mati na visu, na kama vinapatikana mjini kwako. Mati ikiisha gundi mashine inakuwa pambo.

HATUA YA 5. Nenda na karatasi yako
Usikubali muuzaji aonyeshe na karatasi yake laini. Beba manila na ile ya gramu 300 unayotumia wewe, mwambie kata hii.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo dada, ya kwangu ya mkono inakata upande mmoja, mwingine unabaki umeshikilia. Imekufa?
– Marahaba mdogo wangu, haijafa. Geuza pleti, zikipinda zinafanya hivyo. Dai ilaze mshazari kidogo isiingie na ukingo wote kwa mpigo, na ule upande mgumu weka kipande cha karatasi ya kawaida juu ya pleti kuongeza kubana. Pitisha mbele na nyuma.

Kadi zinajikunja nikizibandua kwenye mati, nifanyeje?
– Unavuta kadi, ndo tatizo. Laza kadi chini juu ya meza, mati iwe juu, halafu kunja mati uibandue yenyewe, kadi ibaki imelala.

Nina hela ya moja tu na nafanya topa za keki na kadi za mchango kidogo.
– Chukua ya kompyuta, topa ni majina na umri, kila mtu na lake. Kadi za mchango zikija nyingi peleka kwa mtu wa uchapaji akate kwa mashine yake kubwa, utamlipa kidogo.

Je inakata mbao, za kuandika majina ya ukutani?
– Cricut Maker na kisu chake kizito inafika milimita 2.4, tena kwa kupita mara nyingi na mbao laini. MDF nene mpelekee mwenye leza, ila mwambie aifunike na tepu ya karatasi kwanza, la sivyo uso wake kando ya mkato unatoka na madoa ya moshi ya kahawia.