Waridi la jangwani la bonsai: ukishakata mizizi, weka kopo la maji mbali

Wiki hii nimeletewa tena waridi la jangwani lililooza. Mti wa bonsai, yaani unaofanywa mdogo na kukuzwa chunguni, wa miaka minne, tumbo la shina limejaa, mizizi imetandazwa vizuri, lakini ukibonyeza upande mmoja kidole kinazama. Mwenyewe alikata mizizi Jumamosi asubuhi, akapanda saa hiyo hiyo, jioni akamwagilia. Kila msimu kosa ni hilo hilo, na limemaliza miti mizuri mingi kuliko wadudu wote ninaopambana nao.

Kwanza hakikisha una mti wenyewe. Wengi huuziwa mche wa franjipani wakiambiwa ni waridi. Geuza jani: la franjipani ni refu, na karibu na ukingo kuna mshipa unaolizunguka lote. La waridi ni fupi, nene, na hupanuka kuelekea nchani. Uliza pia mche umetokana na nini. Wa mbegu huvimba shina mapema. Wa kipande cha tawi huwahi kutoa maua, lakini tumbo lake ni hafifu, na bonsai ya mti huu uzuri wake ni tumbo.

Sasa mizizi. Huku Pwani kata Septemba hadi katikati ya Oktoba, au Januari na Februari. Masika usiguse. Kipupwe usiguse pia, mti umelala. Acha kumwagilia siku 5 kabla. Ng'oa, osha, kisha kwa kisu kikali kilichofutwa spiriti ondoa mizizi inayoshuka wima na vijizizi vyote chini ya tumbo; bakiza minene 6 hadi 8 inayotazama pande zote. Vidonda vipake salfa ya unga, ile wanayopulizia mikorosho.

Laza mti kivulini penye upepo. Kidonda cha unene wa kalamu, siku 7. Cha unene wa kidole gumba, siku 10 hadi 14. Siku 3 hazitoshi, hata kama juu panaonekana pamekauka. Kidonda kilicho tayari ni kigumu, kimebonyea kidogo katikati, na ukikigandamizia karatasi ya tishu haipati unyevu.

Panda kwenye mchanganyiko mkavu: kopo 1 la udongo wa bustani, makopo 2 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, kopo 1 la makaa yaliyopondwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na nimeshachoka kulisema hili. Chungu kiwe kipana, chenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Inua mti sentimita 2 juu ya ulipokuwa, usizidishe. Kisha subiri siku 7 nyingine bila tone la maji.

Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Majani yanageuka manjano na kupukutika, tumbo linakunjamana, mwenye mti anaingiwa na huruma. Jamani, huruma hiyo ndiyo inayoua! Mti umeangusha majani kwa sababu umepoteza mizizi ya kuyalisha, na maji unayo tumboni. Kiu hulegeza tumbo zima sawasawa, kama ndimu iliyokaa kikapuni wiki nzima, na rangi haibadiliki. Uozo hulegeza mahali pamoja, pakawa kahawia au peusi, na ukipabonyeza panatoa maji yenye harufu. Ukiona kiu, ondoka. Ukiona uozo, ng'oa siku hiyo hiyo, kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa, paka salfa, uanze kuhesabu siku upya.

Siku ya 8 tangu kupanda, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Usirudie mpaka kijiti cha mshikaki ulichochomeka sentimita 5 kitoke kikavu.

Vichipukizi vikitokeza, mti umeshika. Mbolea baada ya wiki 6.

Matawi ukiyafunga waya wa alumini wa milimita 2, kagua kila wiki. Gome la mti huu ni laini na waya hulila haraka. Wiki ya 4 utoe kwa kuukata vipande vipande, usiufungue kwa kuuzungusha. Na kila ukikata chochote nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho au chakula: utomvu huu ndio Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka kwenye mishale yao ya kuwindia.