Namna ya Kujiandaa kwa Taaluma ya Nadharia ya Seti

Anayetaka kuwa mtafiti wa nadharia ya seti, yaani tawi la hisabati linalochunguza mikusanyo ya vitu, hasa isiyo na kikomo, aanze kujiandaa angali katika shahada ya kwanza. Mbali na aljebra na topolojia (taaluma ya maumbo na mwendelezo), ajifunze mantiki ya hisabati hadi aweze kuthibitisha, bila kutazama kitabu, teoremu ya ukamilifu ya mwanamantiki Kurt Gödel, isemayo kwamba kila linalofuata kimantiki kutoka kwenye aksiomu, yaani kauli za msingi, linaweza kuthibitishwa kutokana nazo.

Baada ya hapo zifuate ordinali (namba za mpangilio), kardinali (namba za ukubwa wa seti) na aksiomu za Zermelo na Fraenkel, ambazo ndizo msingi wa kawaida wa nadharia ya seti, kisha fosingi, mbinu ya kuonyesha kwamba dai fulani haliwezi kuthibitishwa kutokana na aksiomu, aliyoibuni Paul Cohen mwaka 1963. Hapa usiharakishe hata kidogo. Georg Cantor, mwanzilishi wa nadharia ya seti, alidai kwamba hakuna ukubwa wowote kati ya ule wa seti ya namba asilia na ule wa namba halisi. Gödel akaonyesha kwamba aksiomu hizo, ikiwa hazijipingi, haziwezi kulikanusha dai hilo, naye Cohen akaonyesha kwamba haziwezi kulithibitisha pia. Aliyezifuata hoja zote mbili mstari kwa mstari, kalamu mkononi, amejiandaa kwa utafiti kuliko aliyepitia juujuu rafu nzima ya vitabu, na msimamizi makini ataligundua hilo mapema katika mazungumzo.

Kwa uzamili, Chuo Kikuu cha Amsterdam kina programu ya miaka miwili ya mantiki pekee. AIMS (Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati) ya Kigali iko karibu zaidi nasi, ingawa uzamili wake ni wa sayansi za hisabati kwa upana.

Kwa uzamivu, mtafute msimamizi kwanza, chuo baadaye. Vienna, Toronto, Jerusalem na Berkeley kuna watafiti wa fani hii, lakini jina la chuo halitakusaidia iwapo hakuna anayeshughulikia swali lako. Ukimpata, soma makala zake za karibuni katika arXiv, hifadhi huria ya makala za utafiti mtandaoni, chunguza wanafunzi wake wa zamani wameajiriwa wapi, kisha mwandikie barua fupi yenye swali moja mahususi kuhusu teoremu yake.

Nafasi za kudumu ni chache, na wengi hupitia mikataba ya miaka miwili au mitatu katika nchi tofauti kabla ya kuzipata. Kwa hiyo nakusihi ujenge ujuzi katika fani jirani pia, kama vile topolojia au uhakiki wa uthibitisho kwa kompyuta, ambako tokeo kwamba aksiomu hizo haziwezi kulithibitisha wala kulikanusha dai la Cantor limekwisha kuhakikiwa kwa Lean, programu ya kompyuta ya kukagua uthibitisho.