Kabla mpiga mbizi wa uokoaji hajaingia majini

Sehemu kubwa ya usalama wa mpiga mbizi wa jeshi au wa uokoaji huamuliwa akiwa bado nchi kavu. Kwenye mto uliofurika au bandari yenye tope haoni hata kiganja chake. Anatafuta kwa kupapasa, na kinachomuunganisha na wenzake ni kamba. Ndiyo maana swali la kwanza ni: nani anashika kamba? Huyo asipokee simu wala asijibu maswali ya ndugu wa aliyezama, hata wakilia mbele yake. Awepo mwingine wa kukaa nao. Kamba isilegee, maana ikilegea ishara haifiki. Ishara zenyewe zirudiwe kwa sauti na wote wawili. Katika Jeshi la Majini la Marekani, kuvuta kamba mara 2-2-2 (mbili, kisha mbili, kisha mbili) ni "nimenasa, nahitaji mwenzangu aje", 3-3-3 ni "nimenasa ila nitajinasua", na 4-4-4 ni "nivuteni juu sasa hivi". Anayezikumbuka nusunusu asipewe kamba.

Mpiga mbizi wa akiba awe amevaa kila kitu, amebakiza barakoa tu. Vifaa vyake vikiwa bado garini, hesabu kwamba hayupo.

Hewa igawanywe mafungu matatu: ya kwenda, ya kurudi na ya dharura. Mtungi wa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) ukishuka hadi kama 135, geuka, hata kama unahisi umekaribia. Kina nacho kinakula hewa: kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na kila pumzi hutumia hewa mara nne. Pangoni Tham Luang, Thailand, Julai 2018, katika kuwaokoa vijana walionaswa humo, Saman Kunan, komando mstaafu wa majini, alipoteza maisha akirudi kutoka kupeleka mitungi, naye alikuwa mzoefu.

Kisu, mapezi na taa vikaguliwe. Fahamuni pia chumba cha mgandamizo, anakotibiwa mpiga mbizi aliyedhurika kwa kupanda juu haraka, kilipo na safari ya kufika huko, na oksijeni iwe hapo ukingoni. Mwenye mafua asipige mbizi, masikio yake hayataweza kusawazisha shinikizo.

Mwisho, kiongozi aulize: tunaokoa mtu au tunatafuta mwili? Meli iliyopinduka inaweza kubaki na hewa ndani. Mwaka 2013, pwani ya Nigeria, mpishi wa meli alitolewa hai baada ya takriban saa 60. Lakini ikiwa ni mwili, na mkondo ni mkali, subirini maji yatulie.